Kibali cha Kazi cha Niyonkuru

"Mama, Niyonkuru ni nani?"

Lyse alinipigia kutoka Pretoria, saa tano ya asubuhi, nikiwa nafunga mafungu ya lengalenga, mchicha wa kwetu, mbele ya duka la Peguy. Alikuwa kwenye ubalozi wetu wa Burundi, amekwenda kufuata pasipoti. Nyuma yake nilisikia watu wakiongea Kirundi. Yeye mwenyewe alitumia ile sauti ya chini anayoitoa akiwa na hasira mbele za watu.

"Kwa nini unauliza?" nikasema, ingawa nilijua.

"Kwa sababu mtu wa dirishani anasema cheti cha kuzaliwa alichotuma baba mdogo Méthode kutoka Burundi kimeandikwa Niyonkuru Lyse. Hakuna Bizimana popote kwenye jina langu. Anasema pasipoti inafuata cheti. Nisaini au nisisaini?"

Nikaweka chini kamba ya kufungia mboga.

"Niyonkuru ni wewe, mwanangu. Saini."

Akakata simu bila kuaga. Tangu nimzae hakuwahi kunikatia simu.

Mimi ni mjane. Naitwa Kaneza Joséphine, lakini hapa Greyville, mtaa wa Durban, Afrika Kusini, wananijua kama Mama Lyse. Meza yangu ya mboga na ndagala kavu, wale dagaa wa ziwani kwetu, iko kwenye kibaraza cha duka la Peguy, kijana Mkongo anayetoa kopi, anapiga picha za pasipoti na kuuza vocha za simu. Shule niliishia darasa la sita. Kiingereza nakisikia, kukisema kunanishinda. Lakini nimekaa miaka kumi na moja hatua tatu tu kutoka kwenye ile mashine ya kopi, na mtu akija na karatasi naijua kabla hajaitoa kwenye bahasha: hii ya ukimbizi, hii ya polisi ya kuonyesha kwamba huna kesi, hii ya hospitali. Uso wa mtu aliyekataliwa naujua pia, kabla hajafika robot, zile taa za barabarani.

Lyse ni mtoto wangu pekee. Alisomea ualimu wa Kiingereza, akipanga chumba Glenwood na wenzake watatu, na mwaka jana akavaa joho. Hapa Durban aliomba kazi shule kumi na nne. Zote zilimjibu vizuri mpaka walipoona karatasi ya ukimbizi. Ndipo akaona tangazo la shule moja ya Vietnam, mji unaitwa Hai Phong, wanatafuta mwalimu wa Kiingereza wa watoto wadogo. Wakamjaribu kwenye simu mara tatu. Mara ya tatu alifundisha wimbo wa siku za juma akiwa amesimama jikoni kwangu, na watoto wa upande wa pili wa simu wakaimba mpaka majirani wakachungulia dirishani. Wakampa mkataba. Wao wangemwombea kibali cha kazi, na kwa kibali hicho angepata viza.

Ila walitaka pasipoti ya nchi yake. Na mkimbizi akichukua pasipoti ya nchi aliyoikimbia, ukimbizi wake ndio umekwisha. Karatasi ya Lyse ilikuwa imebaki na wiki saba, na isingeongezwa tena. Nilisali novena nzima, siku tisa, kabla sijamwambia nenda. Siku aliyosaini pale Pretoria, nyuma yetu palifungwa. Kama kibali cha Vietnam kisingetoka, mwanangu angebaki Durban bila karatasi ya aina yoyote, na polisi wakimsimamisha barabarani hana la kuwaonyesha.

Alirudi na basi siku iliyofuata. Hakwenda nyumbani. Alikuja moja kwa moja mezani kwangu, akasukuma lengalenga pembeni, akaweka pasipoti upande wa kushoto na digrii upande wa kulia. Kushoto: Niyonkuru Lyse. Kulia: Bizimana Lyse.

"Soma, Mama."

"Nimeona."

"Nimewatumia shule karatasi zote mbili jana usiku. Wamejibu asubuhi hii."

Akanisomea kwenye simu, akitafsiri. Dada wa ofisi ya shule aliandika kwa adabu sana. Alisema idara ya kazi ya kwao haiwezi kumpa Niyonkuru kibali kwa digrii ya Bizimana, kwa macho yao hao ni watu wawili. Walitaka kiapo cha mzazi, na karatasi ya serikali, ya zamani kuliko digrii, inayoonyesha kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Vyote viwe na mihuri ya Pretoria. Siku kumi na mbili. Baada ya hapo wangemchukua mwalimu mwingine, maana watoto walikuwa wanaanza masomo.

"Karatasi kama hiyo ipo?" Lyse akaniuliza.

Nikaanza kufunga lengalenga upya. Peguy, ambaye masikio yake hayajawahi kupitwa na neno kwenye kibaraza chake, akatoa kichwa nje.

"Mama Lyse, usilie. Iko namna."

"Silii."

"Basi usianze. Leta ile diplôme. Mimi ninaipitisha kwa mashine, ninatoa Bizimana, ninaweka Niyonkuru. Dakika makumi mbili. Recteur mwenyewe wa chuo akiiona atasema, ndiyo, hii nilisaini mimi."

"Na muhuri?"

"Muhuri iko ndani ya kompyuta, mama. Mihuri ya dunia yote iko humu ndani."

Lyse alikuwa ameshaanza kuitoa digrii kwenye plastiki yake. Nikaweka kiganja changu juu yake.

"Peguy, yule kijana wa Sydenham uliyemtengenezea leseni ya kuendesha, yuko wapi siku hizi?"

Peguy akakuna shingo. "Ile ilikuwa bahati mbaya."

"Na yule dada wa saluni, mwenye cheti cha ndoa?"

"Eish, Mama Lyse! Makosa yangu unayahesabu kama rozari?"

"Sihesabu. Nimekaa hapa, naona. Wote walikuja wakicheka, na wote nimewaona wakirudi."

Ndipo Lyse akaniambia lile neno. Hakupaza sauti.

"Wewe uliandika uongo, Mama, na Mungu akakuacha ule, ulale. Mimi nikiandika wangu ndio dhambi?"

Mwanamke aliyekuwa anachagua ndagala akaziacha, akaondoka. Peguy akarudi ndani ya duka lake taratibu, kama mtu anayetoka kanisani wakati wa sala. Nikafunga meza kabla ya saa nane, jambo ambalo sikuwahi kulifanya siku ya wateja, na tukaenda nyumbani.

Inabidi nieleze kosa langu, maana watu wa hapa hawalielewi. Kwetu Burundi mtoto harithi jina la baba yake. Kila mtoto anapewa lake, na ndugu saba wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina saba. Baba analitafuta jina kwa yale aliyoyaona mwaka huo. Mimi na Aloys, marehemu mume wangu, tulizika watoto wawili kabla ya Lyse. Alipozaliwa huyu akiwa analia kwa nguvu, Aloys alikaa siku nane hasemi kitu, halafu akatoka na jina: Niyonkuru. Maana yake, Mungu ndiye mkuu. Bizimana lilikuwa jina la Aloys mwenyewe, halikuwa la mtu mwingine yeyote nyumbani.

Aloys aliuawa, nikakimbia na mtoto wa miaka minne mgongoni. Tulifika Durban mwaka 2007. Kwenye foleni ya wakimbizi watu waliniambia, mama, hapa kila familia ina jina moja; wakiona wewe ni Kaneza na mtoto ni Niyonkuru watasema umemwiba, watamchukua. Sikuwa na cheti hata kimoja. Nikafika dirishani, nikainua mkono, nikaapa kwamba sisi wote wawili ni Bizimana.

Jioni ya siku ile tuliyofunga meza mapema, Lyse akiwa ameketi kitandani na mgongo amenigeuzia, nilichukua Biblia yangu. Ina mfuko wa zipu. Nyuma ya jalada, ndani ya kitambaa, nilikuwa nimeshona karatasi moja miaka kumi na minane iliyopita. Nikafumua nyuzi kwa wembe. Ilikuwa imekunjwa mara nne, imegeuka rangi ya chai.

"Lyse, geuka."

Akageuka.

"Siku ile kulikuwa na mkalimani, Mkongo, anaitwa Sébastien. Afisa alipoinuka kwenda kuchukua muhuri, moyo ulinishinda. Nikamwambia mkalimani: baba, nimeapa uongo, huyu mtoto anaitwa Niyonkuru. Nilidhani atanifukuza. Akaniambia, mama, fomu imeshajazwa, ukianza upya utarudi mwisho wa foleni na mvua hii. Lakini hapa chini kuna mstari wa majina mengine. Acha tuliweke hapo, afisa akirudi nitamwonyesha. Akaandika. Afisa akarudi, akaonyeshwa, akaitikia, akapiga muhuri. Sébastien akaniambia nikatoe kopi nje kabla sijaiacha fomu dirishani. Ndiyo hii."

Lyse akaipokea kwa mikono miwili. Akasoma mstari wa juu. Akashuka na kidole mpaka chini, kwenye mkunjo.

"Bizimana Lyse," akasema. "Majina mengine: Niyonkuru. Mama, hii ni fomu ya serikali. Ina tarehe. Ina muhuri." Akaniangalia. "Siku zote ilikuwa hapa? Ndani ya Biblia?"

"Hapo hapo."

"Na ulikuwa unakwenda nayo kanisani kila Jumapili?"

"Kila Jumapili."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Chini yake kuna saini yangu kwamba sote ni Bizimana. Niliogopa. Kila mwaka nilisema nitakwambia mwaka ujao, ukiwa mkubwa kidogo. Ukawa mkubwa. Ukawa mrefu kunipita. Nikaendelea kuogopa."

Akarudisha kidole kwenye lile jina. Halafu akauliza, "Baba ndiye aliyenipa?"

"Baada ya siku nane."

Nikamsimulia yote, watoto wawili wa kwanza, kile kilio chake, ukimya wa Aloys. Hakuwahi kuyasikia. Tulipomaliza akakunja karatasi vilevile ilivyokuwa, akasema, "Kesho tunaenda polisi, Mama. Lakini ukiapa, na wewe karatasi zako zinaweza kuharibika. Umefikiria?"

"Nimefikiria kwa miaka kumi na minane."

Kituo cha polisi kilijaa. Tulisimama kwa saa mbili na nusu. Aliyetupokea alikuwa afisa wa kike, Mzulu mnene mwenye miwani kwenye kamba, na alikuwa amechoka na watu. Lyse akamweleza, na maneno yangu akayatafsiri. Akaweka kalamu chini.

"Subiri. Mtoto hana isibongo, jina la ukoo wa baba yake?"

"Hana," nikasema.

"Na kaka zake wangekuwa na isibongo nyingine?"

"Kila mmoja na lake."

"Mimi nina watano. Kwa hiyo nyumbani kwangu tungekuwa na majina matano?"

"Sita, na wewe."

"Saba, na yule mume wangu!" Akapiga meza, akamwita mwenzake wa dirisha la pili. "Njoo usikie mambo ya Burundi! Huko mwalimu anawaitaje watoto darasani?"

"Mmoja mmoja," nikasema, na watu wa foleni nyuma yetu wakacheka. Hata Lyse akacheka, mara ya kwanza tangu Pretoria.

Lakini afisa alipoanza kuandika kiapo uso wake ulibadilika. Akafika mahali pa 2007, akavua miwani.

"Mama, unaelewa unachosema hapa? Unaapa kwamba ulisema uongo mbele ya serikali. Karatasi hii inaweza kukufuata wewe."

Lyse akanishika mkono. "Mama, tunaweza kuacha. Nitatafuta kitu kingine."

"Kitu gani? Mashine ya Peguy?" Nikamgeukia afisa. "Ninyanyue mkono upi?"

"Wa kulia."

Nikaunyanyua. Akasema maneno kwa Kiingereza, nami nikayarudia nyuma yake polepole, na pale mwisho panaposemwa Mungu nisaidie sikuhitaji mtu wa kunitafsiria.

Ile kopi alikataa kuithibitisha, kwa kuwa fomu yenyewe hatukuwa nayo. "Kopi ya kopi siwezi," alisema. "Ila naweza kuiambatanisha na kiapo chako, niisaini kila upande. Wakikubali, wamekubali." Akaisaini mbele na nyuma. Tulipokuwa tunaondoka akamwita Lyse, akamwambia, "Wewe, Niyonkuru. Fundisha vizuri."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa hapa kumwita hivyo. Niliona alivyosimama wima.

Zilikuwa zimekwisha siku tatu. Lyse akapanda basi la alfajiri kwenda tena Pretoria, wizara ya mambo ya nje kwanza, kisha ubalozi wa Vietnam. Akalala kwa rafiki yake siku tano, akisubiri mihuri. Alinitumia ujumbe kila jioni: bado. Bado. Bado, Mama. Siku ya tisa: nimepata, narudi.

Siku ya kumi tukawa kwa Peguy. Shule ilitaka kila kitu kipigwe picha safi kitumwe kwanza, karatasi zenyewe zifuate kwa ndege. Hapo ndipo tulipogundua balaa. Ule mkunjo wa miaka kumi na minane ulipita katikati ya jina. Kwenye kioo cha kompyuta ilionekana "Niyo", halafu ufa mweupe, halafu mkia wa herufi.

"Nikijaza kidogo tu pale katikati," Peguy akasema, mkono ukiwa tayari.

"Peguy."

"Kidogo tu, mama! Ni jina lake la kweli!"

"Peguy, mwanangu. Toa mkono."

Akautoa. Akakaa akiangalia ile karatasi. Kisha akainuka, akazima taa ya dukani, akaiweka karatasi dirishani pale jua linapoingia, akaishikiza na vioo viwili vya fremu za picha, akapiga picha kutoka juu, kutoka ubavuni, akageuza, akapiga tena. Mimi nilisimama nyuma yake muda wote. Jasho lilimtoka.

"Unaniangalia kama askari wa gereza," alinung'unika.

"Endelea."

Picha ya kumi na moja, mwanga ulikuja kwa chini, na alama ya kalamu ya Sébastien ikaonekana ndani ya mkunjo, kila herufi, kama mtu anayeinuka kutoka kupiga magoti. Niyonkuru. Peguy aliruka akagonga kichwa kwenye rafu ya vocha.

"Vraiment, kweli! Sikugusa hata nukta! Mama Lyse ni shahidi!"

"Mimi ni shahidi," nikasema.

Zikatumwa. Baada ya hapo hatukuwa na la kufanya. Niliuza mboga. Lyse alikaa kwenye kreti karibu yangu akitazama simu mpaka nikamwambia aifunike na lengalenga. Siku ya kumi na mbili ikapita bila neno. Ya kumi na tatu ikapita. Karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa imebaki na wiki tano. Usiku sikuomba maneno mengi. Nilitaja jina lake tu, lote.

Asubuhi ya siku ya kumi na sita, nilimwona akitoka upande wa uwanja wa mbio za farasi, anakimbia. Robot ilikuwa nyekundu kwake. Alivuka hivyo hivyo, mikono juu, taxi mbili zikampigia honi na dereva mmoja akamtolea maneno ya Kizulu ambayo siwezi kuyaandika.

"Mama! Soma! Soma wewe mwenyewe!"

Akaniwekea simu machoni. Maandishi ya Kivietinamu yalikuwa na alama nyingi juu na chini kama kuku wamepita. Lakini kulikuwa na picha yake, na muhuri mwekundu, na jina. Darasa la sita lilinitosha.

"Niyonkuru Lyse," nikasoma.

"Kibali cha kazi, Mama. Miaka miwili. Wamesema kiapo chako na ile fomu vimewatosha, hawana swali."

Nikapanda juu ya kreti. Sijui nilipandaje, na goti langu hili. Nikapiga vigelegele mpaka wanawake wa saluni wakatoka na mifuko ya dawa ya nywele kichwani, mpaka mchungaji wa Kikongo wa jengo la pili akafungua dirisha na kuuliza nani anaolewa. Peguy akachapisha kibali mara kumi bila kuombwa, akakibandika kimoja ukutani juu ya mashine yake, na mpaka leo kipo. Mtu akimwomba amtengenezee karatasi ya uongo, anamwonyesha kwa kidole. "Ile unaona? Ile haina mkono wangu hata kidogo." Anasema kwa majivuno makubwa.

Lyse aliondoka wiki mbili kabla karatasi yake haijaisha. Wiki iliyofuata nilichukua kopi ya kiapo changu, nikaenda nayo mwenyewe kwenye ofisi ya wakimbizi kabla hawajaniita. Nilimwambia yule kijana wa dirishani yote, kuanzia foleni ya 2007. Alikwenda kuuliza wakubwa, akakaa huko mpaka nikamaliza rozari mbili. Aliporudi alinipa karatasi mpya nisaini. Juu yake paliandikwa Kaneza Joséphine. Nilitoka nje nikaisoma tena juani, nikaenda kuuza mboga.

Na jana, saa tatu asubuhi, simu ya video ikalia. Huko kwao ilikuwa saa nane mchana. Lyse alikuwa amesimama mbele ya darasa, amevaa kitenge nilichomshonea, na nyuma yake ubaoni nilisoma jina kwa herufi kubwa.

"Mama, wanafunzi wangu wanataka usikie wanavyonisalimia. Nimewafundisha juma zima. Uko tayari?"

Niliona vichwa vidogo vyeusi, thelathini na kitu, vikijipanga. Peguy akaja kusimama begani kwangu. Mteja wa ndagala naye akasogea, na mtoto wake. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, kibaraza kizima kisikie.

Wakavuta pumzi wote pamoja.

"Good morning, Teacher Niyonkuru!"

"Huko si ni mchana?" akauliza Peguy.

"Nyamaza," nikamwambia. "Waache warudie."